Niandike Yezu ao Yesu?

Fundi wa misalaba alikuwa amekwisha kuandika jina la nkambo, bibi yetu, mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa. Chini ilibaki nafasi ya mstari mmoja, na rangi nyeusi ndani ya kopo la maziwa ilikuwa inaanza kukauka. Akainua brashi, akatutazama sisi tuliojazana mbele ya kibanda chake katika komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, akauliza: "Niandike Yezu ao Yesu?"

Wazee walikuwa wametuagiza maneno "Pumzika katika amani ya", kisha jina la Bwana wetu. Hakuna aliyewaza kwamba jina lenyewe lingeleta shida. Baba mkubwa, kiongozi wa shirika, jumuiya ndogo ya Wakatoliki pale mtaani, akajibu bila kugeuka: "Yezu." Mama yangu, ambaye siku hiyo alikuwa amejifunga kitambaa cha Mama Kipendano, chama cha akina mama wa Kimethodisti, akasema kwa upole wa watu wanaojua kwamba hawatashindwa: "Baba fundi, ni Yesu. Hata katika Biblia ni Yesu." Shangazi yeye alitaka mstari mzima uachwe. Kwake, aliyekufa amekwisha kufika mbele ya hukumu; kumtakia apumzike ni kuanza kumwombea, na kumwombea marehemu ni mambo ya Wakatoliki. Baba mdogo, Mkimbangu, yaani wa kanisa la Simon Kimbangu, alikuwa ametoka barabarani kusikiliza simu. Namshukuru Mungu kwa simu hiyo.

Fundi alingoja. "Herufi zote ni bei moja," akatuambia, kama mtu aliyekwisha kuona ugomvi huo mara nyingi.

Mimi nafundisha historia katika sekondari, na ugonjwa wa walimu wa historia ni kwamba hata kwenye kilio hatuachi kazi. Watu walikuwa wanabishana mbele ya mbao mbili zilizopigiliwa misumari, nami nilikuwa nawaza mkutano wa maaskofu kule Nikea, mwaka 325. Nitaeleza kwa nini.

Kwanza ile z. Yesu mwenyewe hakuitwa Yesu wala Yezu. Alikuwa Myahudi wa Galilaya aliyesema Kiaramu, na mama yake alimwita kitu kama Yeshua. Wagiriki hawana sauti ya sh, na majina ya kiume kwao hupenda kuishia na s, basi wakamfanya Iesous. Walatini wakachukua Iesus. Wafaransa na Wabelgiji, ambao s iliyokaa kati ya irabu mbili huigeuza z mdomoni, wakamleta huku kwetu na z yake, na mapadri wakaandika Yezu. Waprotestanti wengi walikuja na vitabu vilivyoanzia pwani, ambako Ludwig Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo mara tu alipofika Mombasa mwaka 1844, na huko ni Yesu. Waislamu wa mtaa wetu wanasema Isa, na hao nao wanamzungumzia huyo huyo mwana wa Maria. Kwa hiyo mama na baba mkubwa hawakuwa wanabishana juu ya imani. Walikuwa wanabishana juu ya nani aliwafundisha kusoma.

Maneno yote ya dini tunayoyatumia bila kufikiri yamesafiri namna hiyo. Chukua kanisa. Kiswahili kililipata kwa Waarabu, Waarabu walilipata katika Kiaramu, na huko maana yake ilikuwa mkusanyiko tu, watu waliokutana kusali. Ukoo wa neno hilo ndio ule ule wa Kiebrania ulioleta jina la bunge la Israeli, Knesset. Askofu ni Kigiriki kilichopita Uarabuni, maana yake mwangalizi. Injili nayo ni hivyo, habari njema. Padri tumepewa na Wareno. Pasaka ni Kiebrania. Mungu pekee ndiye alikuwa hapa tangu zamani, na jina lake ni letu, Kibantu halisi. Nkambo angelifurahia jambo hilo.

Na tunayo sinagogi hapa mjini, ingawa vijana wengi wanapita mbele yake bila kujua ni jengo gani. Ilijengwa karibu na mwaka 1930 na Wayahudi, wengi wao kutoka kisiwa cha Rhodes, waliokuja kufanya biashara wakati mji ungali unaitwa Élisabethville. Wengi waliondoka baada ya uhuru. Niliwapeleka wanafunzi wangu kuitazama kwa nje. Mmoja akaniuliza: "Mwalimu, ina maana Wakristo wa kwanza walikuwa wanasali humu?" Nikamwambia, ndani ya nyumba ya aina hii, ndiyo. Alikataa kuamini mpaka nilipomfungulia Matendo ya Mitume.

Maana ndivyo ilivyoanza. Ndugu wachache wa Kiyahudi walisema kwamba mwalimu wao, ambaye Pontio Pilato alimtundika msalabani karibu na mwaka 30, alikuwa ameonekana tena akiwa hai. Msalaba ulikuwa adhabu ya watumwa na waasi. Mtu mwenye heshima hakuutaja mezani. Leo tunautengeneza kwa mbao, tunaupaka chokaa, tunaulipia. Barua za Paulo, zilizoandikwa katika miaka ya 50 ya karne ile, ndizo maandishi ya zamani kuliko yote katika Agano Jipya, zinatangulia Injili zote nne, na ndani yake jambo zima limekwisha kusimama juu ya mguu mmoja: kama Kristo hakufufuka, anawaambia Wakorintho, basi mahubiri yetu ni bure na imani yenu ni bure. Mengine yote, ubatizo, mkate na divai, kungoja arudi, yanatoka hapo.

Ugomvi wa kwanza mkubwa haukuhusu Mungu. Ulihusu kisu cha tohara. Je, mtu asiye Myahudi akimwamini Yesu, lazima atahiriwe kwanza na kushika sheria ya Musa? Mitume walikutana Yerusalemu, karibu na mwaka 49, wakaamua hapana. Ninapofika hapo darasani huwa nasimama kidogo. Uamuzi ule ndio uliofanya imani ile iweze kuvuka lugha na desturi, ifike mpaka mtu wa Kamalondo aweze kuwa Mkristo bila kwanza kuwa Myahudi. Wazungu waliotuletea Injili miaka elfu moja na mia nane baadaye walikuwa wameusahau uamuzi huo. Walitutaka kwanza tuwe kidogo Wabelgiji: jina la Kibelgiji, ndoa ya Kibelgiji, ngoma ziachwe nje.

Ngoja nirudi Nikea. Katika Aleksandria, Misri, kasisi mmoja aitwaye Ario alifundisha kwamba Mwana aliumbwa na Baba. Ni mkuu kuliko viumbe vyote, lakini kulikuwa na wakati ambapo hakuwapo. Mafundisho yake yaliimbwa hata bandarini. Kaisari Konstantino, aliyekuwa ameruhusu dini ya Wakristo mwaka 313, hakutaka fujo katika dola yake, akawaita maaskofu Nikea mwaka 325. Wakaandika kwamba Mwana ni wa asili moja na Baba, kwa Kigiriki homoousios. Baadaye kundi jingine likapendekeza neno la kupatanisha: homoiousios, wa asili inayofanana na ya Baba. Tazama maneno hayo mawili vizuri. Tofauti ni i moja, herufi ndogo kuliko zote katika alfabeti ya Kigiriki. Athanasio wa Aleksandria, aliyeikataa i hiyo, alifukuzwa katika jimbo lake mara tano. Konstantino mwenyewe, kabla ya kufa mwaka 337, alibatizwa na askofu wa upande wa marafiki wa Ario. Historia haikosi utani.

Wapo wanaocheka: watu wazima kufukuzana kwa herufi moja! Mimi sicheki. Ndani ya herufi ile kulikuwa na swali ambalo hata mama muuza mboga wa soko la Kenya analielewa: yule aliyekufa msalabani, alikuwa Mungu kweli, ao mjumbe tu aliyetumwa na bwana mkubwa asiyetaka kuchafua mikono? Ukijibu hivi, Mungu amelia, ameona njaa, amezikwa. Ukijibu vile, Mungu amebaki juu, ametuma karani. Nikea ilijibu kwa njia ya kwanza, na mkutano wa Konstantinopoli wa mwaka 381 ukakamilisha ile Nasadiki, ungamo la imani ambalo Wakatoliki wanalikiri kila Jumapili na Waprotestanti hawalikatai. Mungu mmoja, nafsi tatu. Neno lenyewe la Kilatini, trinitas, aliyelitumia kwa ajili ya mafundisho haya kabla ya wengine ni Mwafrika, Tertuliano wa Karthago, katika nchi tunayoiita leo Tunisia. Sisi tumelitafsiri kwa neno ambalo hata mtoto wa shule ya msingi analihesabu kwa vidole: Utatu.

Hilo la Afrika huwa nalisema kwa sauti, maana bado nasikia watu wakisema dini hii ni ya Wazungu. Perpetua na Felisita waliuawa Karthago mwaka 203. Augustino, ambaye bila yeye huwezi kuwaelewa Wakatoliki wala Luther, alikuwa askofu wa Hippo, Algeria ya leo, na alikufa mwaka 430. Mfalme Ezana wa Aksum alipokea ubatizo katika karne ya 4, na askofu wa kwanza wa huko alitawazwa na yule yule Athanasio. Ubelgiji ilizaliwa mwaka 1830.

Baada ya herufi wakagombana kwa neno la kuunganisha. Kalkedonia, mwaka 451: Kristo ni mmoja *katika* asili mbili, au mmoja *kutoka* asili mbili? Wakopti wa Misri na Wahabeshi wakaenda njia yao mpaka leo. Halafu Walatini wakaongeza katika Nasadiki maneno "na Mwana", yaani Roho Mtakatifu anatoka kwa Baba na Mwana, bila kuwauliza Wagiriki. Mwaka 1054 kardinali kutoka Roma aliweka hati ya kuwatenga watu juu ya altare ya Hagia Sofia, Konstantinopoli, akajikung'uta mavumbi akaondoka. Kutengana huko kulifutwa mwaka 1965, kwa maneno angalau. Wagiriki wetu wa Lubumbashi, wale wa maduka ya zamani, wana kanisa lao la Kiorthodoksi hapa mjini, na Pasaka yao mara nyingi inaangukia tarehe nyingine na yetu. Jirani zao wengi wanadhani wanachelewa tu.

Sasa shangazi. Usiku wa pili wa kilio ndipo mambo yalipochemka kweli. Magodoro yalikuwa yametandazwa katika lupango, ua wa nyumba, moto wa makaa katikati, na watu wa shirika wakaanza Rozari. Shangazi akasimama. Akasema kwamba nkambo hahitaji Rozari, kwamba damu ya Yesu imemaliza kazi yote, na kama watu wanataka kuomba waombee wazima waliokaa pale na dhambi zao. Watu wakanyamaza. Mtoto mmoja akacheka, akapigwa kofi. Baba mkubwa akajibu kwamba amelisha nkambo miaka 11 katika nyumba yake, na hakumbuki kumwona shangazi akileta hata kilo ya unga wa bukari. Basi asilete mafundisho. Hapo theolojia iliisha, yakaanza mambo ya familia, na mimi sitayaandika.

Lakini lile swali la shangazi lina miaka zaidi ya 500, na lilianza kwa pesa za wafu. Kanisa la Magharibi lilikuwa limefundisha kwamba roho ya mwamini inaweza kupita toharani, mahali pa kutakaswa kabla ya kumwona Mungu, na kwamba wazima wanaweza kuisaidia kwa sala. Hilo ni fundisho la huruma, ukilitazama vizuri: kifo hakikati undugu. Ubaya uliingia pale msaada ulipowekewa bei. Hati za rehema ziliuzwa Ujerumani, sehemu ya fedha ikienda kujenga kanisa la Mtakatifu Petro kule Roma. Tarehe 31 Oktoba 1517 Martin Luther, mtawa wa Kiaugustino wa Wittenberg, akatoa hoja zake 95. Alipotafsiri Warumi 3:28 kwa Kijerumani, mtu anahesabiwa haki kwa imani, aliongeza neno moja ambalo halimo katika Kigiriki: *peke yake*. Kwa imani peke yake. Walipomlaumu, alijibu kwamba Kijerumani ndivyo kinavyotaka. Kama mtu anayetafsiri mara kwa mara, namwelewa, na simwamini kabisa.

Mwaka 1999, siku ile ile ya Oktoba 31, Wakatoliki na Walutheri walitia sahihi tamko la pamoja kwamba juu ya kuhesabiwa haki wanakubaliana katika mambo ya msingi. Wamethodisti wakajiunga nalo mwaka 2006. Habari hiyo haijafika mitaani kwetu Katuba.

Na kwetu Katanga mambo yalifikaje? Kiswahili kilitangulia. Misafara ya wafanyabiashara ilikileta kabla ya misheni, na Msiri, mtu wa Unyamwezi aliyejenga ufalme wake Bunkeya kwa shaba, pembe na watumwa, alikuwa na watu wa pwani katika baraza lake. Mskoti Frederick Stanley Arnot alifika kwake mwaka 1886, peke yake, na akakaa. Kutoka kwake na wenzake likatokea kanisa la Wagarenganze tunaowajua. Upande wa Ziwa Tanganyika Mapadri Weupe, shirika la wamisionari Wakatoliki, walikuwa Mpala tangu 1885, na ni katika eneo lao, Baudouinville, kwamba Stefano Kaoze alipewa upadri tarehe 21 Julai 1917, padri wa kwanza Mkongo wa zama hizi. Msiri aliuawa kwa risasi na Wazungu Desemba 1891. Wabenedikto kutoka Ubelgiji wakaja 1910, mwaka mji wetu unaanza, na Wamethodisti wa Kimarekani, John Springer na mke wake Helen, katika miaka ile ile. Wapentekoste Waingereza William Burton na James Salter walifika kwa Waluba mwaka 1915.

Kumbe na wakoloni walikuwa na utatu wao: serikali, kampuni, misheni. Nafsi tatu, asili moja. Mkataba wa mwaka 1906 kati ya Vatikani na Mfalme Leopold wa Ubelgiji uliwapa mapadri ardhi ili wafungue shule. Shule za Waprotestanti zilingoja mpaka baada ya Vita vya Pili vya Dunia kupata ruzuku. Ndiyo maana nkambo, mke wa mfanyakazi wa mgodi, alikuwa Mkatoliki. Kambi ilikuwa ya kampuni, kanisa la kambi lilikuwa la mapadri, na hakuna aliyemuuliza. Baba yangu aligeuka Mmethodisti kwa sababu alimpenda binti wa mwimbaji wa kwaya. Nisiposema hivyo nitakuwa nimedanganya kwamba watu huchagua madhehebu kwa kusoma Kalkedonia.

Baba mdogo ndiye aliyechagua kweli. Kisa chake kinaanza Nkamba, katika Kongo ya Chini, ambako mkatekisti wa Kibaptisti, Simon Kimbangu, alianza kuhubiri na kuponya tarehe 6 Aprili 1921. Watu waliacha mashamba na hospitali wakamfuata. Alihubiri Biblia, akakataza hirizi na wake wengi, na hakushika silaha. Miezi michache tu ikatosha. Mahakama ya kijeshi ya Thysville ikamhukumu kifo tarehe 3 Oktoba 1921. Mfalme Albert akabadili kuwa kifungo cha maisha, pamoja na viboko 120. Na walimfunga wapi? Hapa. Walimvusha nchi nzima mpaka Élisabethville, mbali na lugha yake, mke wake na wanawe watatu, akakaa gerezani miaka 30, akafa tarehe 12 Oktoba 1951. Kanisa lake lilitambuliwa Desemba 1959, na mwaka uliofuata mwili wake ukarudishwa Nkamba.

Miaka 30 katika mji wetu. Wakati nkambo alipokuwa msichana anabeba maji kambini, mtu huyo alikuwa nyuma ya ukuta, umbali wa mwendo wa miguu. Nilimuuliza nkambo kama walijua. Alisema walisikia kwamba kuna "nabii wa watu wa Bas", yaani wa Kongo ya Chini, gerezani, na mapadri waliwaambia ni mwendawazimu, wakaacha kuuliza. Nilipomwambia kwamba tarehe 6 Aprili sasa ni sikukuu ya taifa, alikaa kimya muda mrefu. "Kumbe alikuwa nani?" akauliza.

Swali hilo hilo la Nikea, bila Kigiriki. Na wafuasi wake nao wamelijibu kwa njia iliyowatenga na wengine: wengi wao leo wanamkiri Kimbangu kuwa Roho Mtakatifu aliyejionyesha katika mwili, jambo ambalo Wakatoliki na Waprotestanti wameungana kulikataa, na kuungana kwao ni nadra. Baba mdogo anavua viatu anaposali, hanywi pombe, hali nguruwe. Ekaristi yao ni mkate wa viazi, mahindi na ndizi, na mahali pa divai kuna asali na maji. Noeli yao ni tarehe 25 Mei. Nkambo alikufa wiki ya Noeli hiyo, basi baba mdogo alikuja kilioni akiwa ameacha sikukuu nyumbani, na yeye pekee kati ya ndugu wote hakugombana na mtu. Alikaa karibu na moto peku, akachochea makaa.

Nkambo mwenyewe alikuwa wa Jamaa. Wasomaji wa Kolwezi na Likasi watajua, wengine niwaeleze. Padri Placide Tempels, Mfransisko Mbelgiji, alikuja Kongo mwaka 1933, akahubiri miaka kumi na kitu na kuona kwamba watu wanaitikia amina huku mioyo yao iko kwingine. Akaacha kufundisha, akaanza kuuliza. Kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu kilitoka hapa Élisabethville mwaka 1945, kikawaudhi wakubwa wake na baadaye kikawaudhi wanafalsafa wetu pia, kwa sababu nyingine. Lakini wafanyakazi wa migodi hawakusoma kitabu. Wao walikutana naye, mume na mke pamoja, katika miaka ya 1950 huko Kolwezi, na walichoshika ni maneno matatu ambayo nkambo aliyatamka kama mtu anavyohesabu watoto wake: uzima, uzazi, mapendo. Kila mtu anataka kuwa hai, kuzaa, kupenda na kupendwa. Mungu ndiye aliyeweka hamu hiyo, na Yezu na Maria wameionyesha. Hukuingia Jamaa peke yako. Uliingia na mwenzako, na mlizaliwa na baba na mama wengine waliotangulia, kwa mazungumzo ya miezi na miezi. Baada ya hapo babu, mtu wa kambi aliyezoea kumwita mke wake kwa ukali, alimwita "mama" mpaka siku alipokufa.

Tempels alirudi Ubelgiji mwaka 1962, na miaka ya 1970 maaskofu wakaanza kuibana Jamaa, maana vikundi vingine vilikuwa vimeenda mbali na mafundisho. Nkambo alitii. Aliendelea kwenda misa, na uzima, uzazi, mapendo akabaki nayo jikoni. Ilipokuja misa ya Zaire, iliyoidhinishwa na Roma mwaka 1988, yenye kuwaita mababu waje kusali pamoja nasi, alisema tu kwamba wamechelewa.

Shangazi alipata Yesu wake katika miaka ya 1990, wakati migodi ilipodorora na mishahara ikawa hadithi. Mapadri walikuwa na misa nzuri. Makanisa ya uamsho yalikuwa na mtu anayekuwekea mkono kichwani na kukuuliza jina lako. Ukoo wa makanisa hayo ni wa kuanzia Azusa, Los Angeles, mwaka 1906, chini ya mhubiri mweusi William Seymour, mtoto wa waliokuwa watumwa. Sipendi spika zao saa nane ya usiku, na baadhi ya wachungaji wao wamejenga ghorofa kwa njaa ya watu. Lakini mumewe alipopoteza kazi ni wao waliomletea unga wa bukari, kwa hiyo baba mkubwa asiongee sana juu ya unga.

Mara moja tu nilimuuliza nkambo juu ya z na s. Nilikuwa nimerudi kutoka chuoni, nimejaa Athanasio mpaka puani, nikamweleza yote, herufi, Kigiriki, Konstantino. Alikuwa anapepeta mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatoa jiwe moja, akalitupa. "Weye mwana," akasema, "ita tu. Ataitika."

Nilitaka kuwaambia hayo pale mbele ya fundi, lakini baba alinitangulia. Baba si mtu wa maneno. Alisema: "Andika Bwana." Pumzika katika amani ya Bwana. Mama akakubali, baba mkubwa akakubali, shangazi akanyamaza. Fundi alihesabu, akatuambia Bwana ina herufi tano, Yezu na Yesu ni nne, tuongeze franka mia tano. Tukaongeza.

Tarehe mosi Agosti, sikukuu ya wazazi, asubuhi tulikwenda makaburini kama watu wote wa mji. Kulikuwa na baridi na vumbi jekundu, na vijana langoni walikuwa wanakodisha majembe. Tulidhani tutakuta majani yamefika magotini. Tulikuta kaburi limelimwa, udongo umesawazishwa, msalaba umepakwa chokaa upya mpaka karibu na maandishi. Mlinzi akasema mama mmoja alikuja alfajiri, peke yake, na jembe lake mwenyewe, akafanya kazi huku anaongea.

"Aliongea na nani?" baba mkubwa akauliza.

Mlinzi alinyoosha kidole chini, kwenye udongo. Kwenye mkono wa msalaba kulikuwa kumefungwa kitambaa cha kanisa la shangazi.